Stata Chini ya Kitanda

Baada ya kumzika mama nilibaki nyumbani kwetu bondeni siku chache, nisafishe chumba chake. Chini ya kitanda nilikuta vitu ambavyo mtu yeyote wa rika langu angevikuta kwa mama yake: debe la mbegu za maharage, viatu vya kanisani vilivyofungwa kwa gazeti, sufuria ya wageni ambayo wageni hawakuwahi kuiona. Nyuma kabisa, penye ukuta, palikuwa na kitu kizito kimefungwa kwa kanga. Jirani aliyekuwa akinisaidia alikivuta kwa mikono miwili, akacheka. "Mama yenu naye! Kaficha kichwa cha cherehani?"

Sikucheka. Nilikijua kabla ya kukifungua. Kanga ilikuwa ya zambarau, imepauka mpaka huwezi tena kusoma maneno yake, na ilitoa harufu mbili: petroli kwa mbali, na mafuta ya mgando ambayo mama alijipaka maisha yake yote. Ya kwanza nilijua imetoka wapi. Ya pili nikadhani ni ya chumba tu, kwa kuwa kila kitu mle ndani kilimnukia yeye. Nikakaa sakafuni nimekipakata kile kitu, na hasira niliyodhani nimeiacha stendi ya Lushoto siku nilipoondoka ikanirudia nzima nzima.

Ilikuwa stata ya gari. Kwa wasiojua magari, stata ni kile kimota kinachoizungusha injini mpaka iwake yenyewe. Ukizungusha ufunguo ukasikia gari linalia kabla ya kuunguruma, anayelia ni huyo. Akifa, gari lote na nguvu zake linabaki bati la kufugia kuku.

Baba alikuwa na pikapu ya buluu. Alibeba kabichi, karoti na matunda ya plamsi ya watu kuvipeleka Lushoto na mara nyingine Mombo, na wagonjwa kuwapeleka hospitali ya Bumbuli. Watu walimwita Dereva kana kwamba hakukuwa na mwingine, na kwa kweli upande ule hakukuwa. Nyumba yetu ilikuwa bondeni kando ya mto, na uwanja wake ulikuwa tambarare. Jambo la kujivunia kule kwetu, ambako ukiangusha chungwa mlangoni unalifuata kwa jirani. Pikapu ililala hapo uwanjani. Alfajiri Baba alizungusha ufunguo, stata ikalia, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia.

Siku moja alirudi kwa miguu. Akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Stata imekufa."

"Haitengenezeki?" mama aliuliza.

"Nimeipeleka kwa fundi, kaitazama, kasema nisipoteze muda. Lakini usijali, Mama Rehema. Wenzetu wa Korogwe, kule tambarare, wakifiwa na stata wanalia. Sisi Mungu ametupa mlima."

Hilo halikuwa ajabu. Ninyi mliokulia Usambara mnajua kwamba kwetu gari haliegeshwi, hulazwa mteremkoni. Kichwa kinatazama chini, jiwe linawekwa mbele ya tairi, na asubuhi mtu anachomoa jiwe, gari linaanza kujiendea lenyewe, likishika kasi dereva anaachia klachi, linashtuka na kuwaka. Nimejua magari yaliyoishi hivyo mpaka yakazeeka. Mtu haoni sababu ya kutengeneza kitu ambacho mlima unakifanya bure, na ndivyo tulivyozoea kuishi na mambo mabovu.

Ila mlima haukuwa uwanjani kwetu. Mteremko mzuri ulikuwa juu barabarani, kwa Mama Tumaini, mjane aliyepika chai na maandazi mahali wakulima walipokusanya mboga. Ukiliachia gari pale, linawaka kabla ya kona ya kwanza. Basi pikapu ikahamia huko. Na kwa kuwa wezi wa betri walikuwepo, Baba akasema itabidi alale nayo. Akawa analala juu siku zote za wiki, na Jumapili anashuka kanisani na kula nasi chakula cha mchana, kisha anajilaza chumbani kwao mpaka jioni.

Nilimhurumia baba yangu mpaka nikakosa usingizi. Mnaijua baridi ya Julai kule, ukungu unavyoingia hata chini ya mlango. Nilimwona akilini amejikunja kwenye kiti cha pikapu, usukani unamchoma mbavu, analinda betri kwa ajili yetu. Jumapili moja nilikunja blanketi langu, la kijivu lenye mistari miwili myekundu, nikampa aende nalo. Mimi nikalala na kitenge cha mama. Na Baba alilichukua. Alinishika kichwa, akaniambia "Ubarikiwe, mwanangu," akaliweka begani, akapanda nalo mlima. Mengine mengi nimeyaelewa baadaye kama mtu mzima anavyoelewa mambo ya watu wazima. Lile blanketi sijamsamehe.

Kanisani kwetu, kabla ya maombi, mwinjilisti alikuwa na desturi ya kuuliza nani ana hitaji. Watu walisimama mmoja mmoja: huyu mguu, yule ng'ombe kapotea, mwingine mtoto anafanya mtihani. Watoto hawakukatazwa. Siku hiyo nikasimama, nikasema kwa sauti ile waliyotufundisha shule ya Jumapili, isikike mpaka nyuma, "Naomba tuiombee stata ya gari la baba ipone, ili arudi kulala nyumbani."

 Benchi la wanawake nyuma yangu likaanza kutikisika. Waliziba midomo kwa vitabu vya nyimbo, mabega yanapanda na kushuka, na mmoja kicheko kikamponyoka kama mtu aliyepaliwa. Upande wa wanaume Baba aliinama kufunga kamba ya kiatu, akaifunga muda mrefu sana. Mwinjilisti akasema "Amina" haraka haraka, akaanzisha wimbo. Mimi nikadhani wanacheka kwa sababu nimeombea chuma.

Njiani mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

"Nimekosea, mama?"

"Hujakosea. Umeomba vizuri kuliko wote."

Wiki hiyo hiyo alituma ujumbe kwa kondakta wa basi la Mombo umfikie Mjomba Elia, kaka yake, aliyekuwa fundi wa umeme wa magari huko. Ujumbe ulikuwa mfupi: aje na vifaa vya stata. Nikajua maombi yangu yameanza kutembea.

Mjomba alikuja Jumamosi ambayo Baba alikuwa amekwenda kwa basi kuzika rafiki yake Tanga. Baadaye nilitambua kwamba mama aliichagua siku. Wakati huo niliona ni bahati tu. Tukapanda wawili mpaka barabarani, mimi nimebeba spana. Pikapu ilikuwa imelala pale pale, kichwa chini, jiwe tairini. Mama Tumaini alitoka akifuta mikono kwa aproni, akatukaribisha vizuri tu.

"Shikamoo, Mama Tumaini," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni chai."

"Ahsante, tumeshiba," Mjomba akajibu, ingawa hatukuwa tumekula kitu.

Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, blanketi langu lilikuwa limeanikwa. Nilifurahi. Nikamvuta Mjomba shati nikamwonyesha. "Lile ndilo nililompa Baba. Mama Tumaini anamfulia, maana kwenye gari hakuna pa kufulia." Mjomba alilitazama blanketi, akanitazama mimi, akaingia chini ya pikapu. Alitulia humo kwa muda, miguu yake tu nje, haigusi spana. Nikadhani anasali. Mwishowe akafungua bolti mbili, akaitoa stata, akachukua na betri, tukashuka.

Kazi ilifanyika uwanjani, juu ya gunia. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni anapukuchua maharage. Mjomba aliifungua stata taratibu, akipanga kila kipande guniani kwa mpangilio wa kutoka, na mimi nikiwa kazini kufukuza kuku. Nakumbuka harufu ya petroli kwenye kikombe kibovu, mswaki wa zamani aliosugulia, na ule moyo wa stata, mzito, umefungwa nyaya za shaba. Alinionyesha brashi. Ni vipande vya mkaa mgumu vinavyosugua shaba ili umeme upite, na vinalika kama chaki. Stata nyingi zinazosemwa zimekufa ni hizo tu zimeisha.

"Hizi hazijaisha," nikasema.

"Hazijaisha," akasema Mjomba. Akazipima kwa kucha. Akabonyeza springi zake, akapitisha kidole kwenye shaba, akahesabu meno ya gia kama mtu anayetazama mdomo wa mbuzi sokoni, akatafuta lililovunjika, akakosa. Akauzungusha ule moyo kiganjani, ukazunguka bila kukwaruza. Halafu akaweka vyote chini na kufuta mikono.

"Dada, stata hii ni nzima. Imetengenezwa upya, na aliyeitengeneza anajua kazi. Brashi hizi hazijapeleka hata kabichi moja Mombo."

Mama aliendelea na maharage.

"Kuna waya mdogo unaoiamsha," Mjomba akaendelea, sauti chini. "Umechomolewa kwa mkono. Ukafungwa tepu nyeusi, ikazungushwa vizuri, usiguse chuma."

Mimi nilikuwa nimeshasikia neno moja tu. Nzima! Niliruka, nikazunguka uwanja mzima nikipiga kelele kwamba stata nzima, stata imepona, mpaka ng'ambo ya mto watu wakasimama mashambani kutazama. Nilimkumbatia mama shingoni kwa nyuma, maharage yakamwagika. Hakunigombeza. Nikaona machozi, nikayachukulia kuwa ya furaha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo ya furaha.

"Umekuja na brashi mpya?" alimuuliza kaka yake.

"Ninazo. Lakini hazihitajiki, nimekwambia."

"Ziweke. Nimekuita kutengeneza stata. Itengeneze."

Mjomba akaitengeneza. Akapiga msasa shaba ikang'aa, akaweka brashi mpya, akapaka grisi kwenye bushi zinazoushikilia ule moyo na kwenye gia, akafunga. Kisha akaigusisha waya za betri, na stata ikalia na kuruka guniani kama kuku aliyechinjwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nikairudishe garini?" Mjomba aliuliza.

"Hapana. Nipe mimi." Mama alivua kanga ya begani, ile ya zambarau, akaifunga stata kama anavyofungwa mtoto. "Kasema imekufa. Basi ife."

"Dada, na siku ukiihitaji?"

"Mimi nitaihitaji nini? Mimi nina gari?"

Mjomba akarudisha betri juu, kesho yake akaondoka. Mama akaniita jikoni. "Usimwambie baba yako kwamba iko hapa. Nitasema mwenyewe siku yake ikifika." Nikaitikia kwa moyo wote, maana nilikuwa nimeshaelewa. Mama anamwekea Baba zawadi ya Krismasi.

Jumapili iliyofuata Baba alikuja kula. Lazima alikuwa ameliona lile pengo chini ya gari lake. Dereva gani haoni? Lakini mtu aliyekwisha kusema stata imekufa atauliza vipi nani kaiiba? Alisali, akanawa, akamega ugali. Mama akamsogezea mboga.

"Stata vipi, Baba Rehema?"

Mkono ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Nami nilikuwa nauma mdomo wa chini nisicheke.

"Bado mbovu," akasema.

"Pole."

"Ndiyo hivyo."

Wakala mpaka wakamaliza. Krismasi ikaja, tukavaa nguo mpya, tukala wali, nikamkodolea mama macho siku nzima ainuke aende chumbani. Hakuinuka. Nikajipa moyo kwamba labda ni Pasaka. Wakati huo tumbo la mama lilikuwa limeanza kuonekana, na mimi nilipanga akilini kwamba mtoto atazaliwa, stata itatolewa, Baba atarudi, yote kwa pamoja.

Masika yale mvua haikuwa na adabu. Mchana mmoja mama alianza uchungu kabla ya wakati wake. Bibi mkunga, jirani yetu, aliingia, akatoka uso umebadilika, akaniambia, "Kimbia kamwite baba yako. Mwambie Bumbuli, sasa hivi. Mtoto kakaa vibaya." Nilipanda ule mlima kwa mikono na miguu.

Haki yake sitamnyima: alikuja mbio. Alipiga teke jiwe, pikapu ikateremka, ikawaka, akaileta mpaka uwanjani kwetu. Akaruka nje huku anapiga kelele, "Msiizime! Mtu asiguse kitu, isizimike!" Godoro liliwekwa nyuma, turubai likafungwa juu. Mama alikuwa mzito kwa maumivu, wanawake wakashindwa kumwinua, Baba akashika mabega. Walipokuwa wanamlaza, injini ilikohoa mara mbili ikazima.

Ile tambarare yetu ya kujivunia. Kutoka pale njia zote ni za kupanda. Wanaume waliitwa kutoka mashambani, wakasukuma, matairi yakachimba tope. Wakasukuma tena, pikapu ikaenda hatua chache, ikashtuka, ikafa. Mmoja akasema walete ng'ombe. Mama alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na Baba alikuwa anauvuta mlango wa gari huku analia pia.

Ndipo nikajua siku yenyewe imefika. Niliingia ndani, nikajipenyeza chini ya kitanda, nikaivuta stata mpaka mlangoni, nikaibeba tumboni kwa shida kwenye mvua, natabasamu. Mungu anisaidie, nilikuwa natabasamu.

"Baba! Zawadi yako ya Krismasi! Mama alikuwekea!"

 Baba aliitazama kanga, akaijua. Akafunua kidogo, akaona chuma safi. Akainua macho kwa mama.

"Ilikuwa hapa?"

"Wewe si ulisema mbovu?" mama akajibu kutoka kwenye godoro, halafu uchungu ukamchukua tena.

Baba aliingia chini ya gari kwenye tope. Bolti zilikubali. Kilichomchelewesha ni ule waya mdogo, ambao alikuwa ameuzungushia tepu kwa uangalifu mkubwa, tabaka juu ya tabaka, na sasa vidole vyake vilivyolowa havikuona tepu inaanzia wapi. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Nilikuwa nimechuchumaa, namwona akitafuna waya wake mwenyewe na maji ya tope yanamwingia masikioni, na juu yake, upande wa pili wa bati, mama anapiga kelele. Tepu ilipotoka, akaunganisha, akapanda, akazungusha ufunguo. Stata ilipiga mara moja tu, gari likawaka.

Nilibaki uwanjani najisikia mshindi. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mama.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa njiani, kwenye mashamba ya chai, na hakulia. Bumbuli wakampokea mama wakamponya, kwa mtoto hawakuwa na la kufanya. Bibi mkunga aliporudi nilimsikia akiwaambia wenzake jikoni, "Tungetangulia kidogo tu," kisha akaniona mlangoni akaanza kuchochea moto.

Mama alirudi nyumbani, na Baba naye akarudi. Pikapu ililala uwanjani, alfajiri stata ikalia, nami nikaamka kwa sauti ile niliyoiombea. Nilikuwa nimepata kila nilichokiomba kanisani, na nyumba ilikuwa baridi kuliko Julai. Hawakugombana. Kwa siku zote hizo nilisikia wakisema jambo lile mara moja tu, nyuma ya ukuta.

"Ungeniambia," Baba alisema.

"Ungeniuliza," mama alisema.

Kisha wakanyamaza, na kunyamaza huko ndiko nilikorithi mimi. Hasira yangu haijui iende kwa nani kati yao. Mmoja aliua stata kwa uongo, wa pili akaizika hai, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aone haya kwanza. Mdogo wangu hakungojwa na mtu.

Asubuhi moja pikapu haikulia. Tulifungua mlango, stata iko kizingitini, imefungwa kanga ile ile. Jana yake jioni Baba alikuwa ameendesha mpaka juu kwenye mteremko, akaifungua, akashuka nayo kwa miguu kuiweka pale, akapanda tena. Mama aliitazama kwa muda. "Rudisha chini ya kitanda," akaniambia.

Mimi niliona ni rehani. Mtu haachi kitu kama hicho asipokuwa na nia ya kukifuata. Nilingoja Pasaka, nikangoja mavuno, nikangoja mpaka nikaanza kuona aibu kungoja. Hakuja. Mama hakulitaja jina lake tena. Wakikutana kanisani walisalimiana kama watu wa mitaa tofauti. Nilimwona amekuwa jiwe, nikamheshimu kwa hilo, nikaapa kuwa hivyo hivyo, na nimeweza. Wanaume wawili wameondoka kwangu bila kusikia nikiwaambia kaeni.

Basi ile siku ya kusafisha chumba nilimpelekea stata Mjomba Elia. Alikuwa bado hajarudi Mombo, mzee sasa, mikono inatetemeka, lakini alipoiona aliomba gunia na spana. Watu wachache wa matanga walikuwa bado wamekaa uwanjani. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuja na fimbo, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni kabisa, karibu na njia ya kutokea.

Mjomba aliigeuza stata, akakunja uso. "Mara ya mwisho nani kaigusa hii?"

"Hakuna. Imekaa tangu siku ile."

"Chuma kilichokaa bondeni miaka yote hii kingekuwa kutu tupu." Alipitisha kidole kwenye gia, kikatoka na mafuta meupe. "Hii si grisi ya magari." Akanusa, akaninyooshea kidole ninuse na mimi.

Mafuta ya mgando. Mjomba alikwangua kwa bisibisi, na chini ya yale meupe palikuwa na mengine yameshakuwa manjano, na chini yake mengine meusi. "Haya ya juu ni ya mwaka huu," akasema taratibu. "Amekuwa akiipaka, dada yangu. Miaka yote."

Nilikaa chini. Mama yangu, jiwe langu! Alikuwa akiinama chini ya kitanda kile, na mgongo ule, kuipaka mafuta stata ya mwanamume aliyekuwa akilala mlima mmoja juu yake, isije ikashika kutu kabla hajaifuata. Na hakumtuma mtu amwambie. Angeweza kunituma mimi. Nililia, na kilichoniliza zaidi ni hasira, kwa sababu nilijifunza kwake ugumu ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

"Tuijaribu," alisema Mjomba. Nikafungua betri ya gari langu nikamletea. Alipogusisha waya, stata ililia na kuruka guniani, sauti ile ile ya alfajiri, na kuku wakatawanyika. Pembeni ya uwanja Baba aliinua kichwa. Akaegemea fimbo, akainuka, akaja polepole mpaka kwenye gunia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anaitazama kanga zaidi kuliko chuma. "Hiyo ni ile?"

"Ndiyo."

"Bado nzima?"

Mjomba alinitazama. Waya zilikuwa bado mkononi mwake.

"Mbovu," nikasema. "Ilikufa zamani."

Baba alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Akaegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Pole," akasema.

"Ndiyo hivyo," nikamjibu, nikaanza kuifunga tena kwa kanga.